Uzi: Nyota 5 au nyota 2? Tusome wahakiki wa albamu mpya za rock na pop kwa maneno yao, tuache kugombania alama

#1 Mleta uzi (Kijenge, Arusha)

Wakuu wa Arusha, Moshi na wengine wote mnaopita hapa, salaam.

Tangu The Life of a Showgirl ya Taylor Swift itoke tarehe 3 Oktoba 2025, kundi letu la wapenzi wa muziki hapa mjini halijatulia. Albamu iliachiwa saa 6 usiku kwa saa za New York, kwa hiyo kwetu ilikuwa saa 1 asubuhi, watu wamebanana kwenye Hiace wanawahi kazini. Haukupita muda watu wakaanza kurushiana nyota. Mmoja kaleta jarida la Marekani la Rolling Stone: nyota 5 kwa 5. Mwingine kaleta gazeti la The Guardian la Uingereza: nyota 2 kwa 5. Albamu ni ile ile, nyimbo 12, haifiki hata dakika 45. Kuanzia hapo hakuna aliyezungumzia wimbo wowote. Ikawa wahakiki wamehongwa, wahakiki wana wivu, wewe una chuki na mtoto wa watu, wewe shabiki kipofu.

Naipenda kazi ya uhakiki wa muziki na inaniuma kuona inasomwa hivi. Kwa hiyo naweka hoja yangu mapema, anayetaka kupinga apinge: alama ndiyo sehemu dhaifu kuliko zote katika uhakiki wa albamu. Chenye thamani ni sentensi inayokutajia kitu ambacho sikio lako mwenyewe linaweza kwenda kukihakikisha.

Mfano. Songs of a Lost World ya The Cure, bendi ya rock ya Uingereza, ilitoka tarehe 1 Novemba 2024, bendi ikiwa haijatoa albamu mpya kwa miaka 16. Wahakiki karibu wote waliisifia. Ukisoma kwamba "wakongwe wamerudi kwa kishindo, nyota 5", umeambulia nini? Msome sasa yule anayekuambia kwamba wimbo wa kwanza, Alone, unakwenda zaidi ya dakika 3 kwa ala tupu kabla mwimbaji wao Robert Smith hajafungua mdomo. Anakuambia nyimbo ni 8 tu na wa mwisho unavuka dakika 10. Anakuambia Smith ndiye aliyeandika zote, baada ya kufiwa na wazazi na kaka yake, na kwamba mmoja kati ya hizo unamhusu huyo kaka. Hapo kabla hujachoma bando lako unajua unakwenda kukutana na nini. Kama huna subira na wimbo usio na haraka, umeshajua si wako, na hujamtukana mtu.

Mimi niliufungua ule wimbo wa kwanza usiku, hedifoni masikioni, nikiwa tayari nimeambiwa nisubiri sauti. Kungoja kule kukabadilisha usikilizaji wangu wote. Ngoma zinapigwa polepole kiasi kwamba unasikia kila pigo likiisha kabla jingine halijaingia. Besi ya Simon Gallup iko mbele, nzito, na kinanda kinajaza juu. Sauti ya Smith inapoingia, tayari umeshakubali kwamba kuna msiba. Bila mhakiki aliyenitajia zile dakika 3, ningeusogeza mbele kama nilivyozoea kufanya na utangulizi mrefu. Huo ndio uhakiki ninaoutetea.

Sasa tuje kwenye historia, maana kila mabishano haya yakianza lazima mtu aseme "hawa wahakiki hata Led Zeppelin waliwaponda". Ni kweli. Albamu ya kwanza ya Led Zeppelin, 1969, ilipondwa na Rolling Stone. Mwaka uliofuata Black Sabbath wakatoa ya kwanza yao, jarida lile lile likaiponda. Nevermind ya Nirvana, 1991, ilipewa nyota 3 kwa 5, na mwaka 2020 jarida hilo hilo likaiweka nafasi ya 6 katika orodha yake ya albamu 500 bora za nyakati zote. Na yupo wa kwetu, Farrokh Bulsara aliyezaliwa Zanzibar mwaka 1946, ambaye dunia inamjua kama Freddie Mercury. Bendi yake, Queen, walipotoa albamu ya Jazz mwaka 1978, Dave Marsh wa Rolling Stone alikwenda mbali hadi kuwaita bendi ya kifashisti.

Wengi huyatumia haya kuthibitisha kwamba wahakiki hawajui kitu. Mimi nayasoma vingine. Rudini kwa John Mendelsohn, yule aliyewaponda Led Zeppelin. Alilalamika kwamba mwimbaji wao Robert Plant anapiga kelele za kujikamua, na akawalinganisha na kundi la mpiga gitaa Jeff Beck. Jamani, kujikamua kule kupo! Kusikilizeni hata leo. Walioipenda ile bendi wameipenda kwa hilo hilo, na mfanano na kina Beck unasikika pia. Maelezo yake yamesimama kwa zaidi ya nusu karne. Kilichoanguka ni hukumu yake. Ndiyo maana nasema maelezo na hukumu ni vitu viwili, na sisi tumezoea kukimbilia kile kinachooza haraka.

Kuhusu alama zenyewe, angalieni zinavyotengenezwa. Tovuti ya Metacritic imekuwepo tangu 2001. Inakusanya maoni ya magazeti na majarida, inayageuza yote kuwa kwa 100, nyota 4 kwa 5 inakuwa 80, halafu inatoa wastani. Lakini si wastani wa kawaida, kwa sababu baadhi ya machapisho yanapewa uzito kuliko mengine, na uzito huo hawautangazi. Halafu kuna tatizo jingine kubwa zaidi. Albamu iliyopendwa mno na nusu ya wahakiki na kuchukiwa na nusu nyingine inaweza kutoka na 65. Albamu ambayo wote wameiona ya kawaida tu nayo inatoka na 65. Kwangu mimi hizo ni albamu mbili tofauti kabisa! Ya kwanza ningeikimbilia leo leo. Namba haikuambii ipi ni ipi.

Pitchfork nao, tovuti ya uhakiki wa muziki, walioanzia Minnesota miaka ya 1990, hutoa alama kutoka 0.0 hadi 10.0, tena kwa nukta. Kid A ya Radiohead ilipata 10.0 mwaka 2000. Albamu ya Liz Phair ya mwaka 2003 ilipata 0.0. Mwaka 2021 wakakaa wakabadilisha alama za albamu 19: Liz Phair akapanda hadi 6.0, na Discovery ya Daft Punk ikatoka 6.4 hadi 10.0. Ndani ya albamu hizo haikubadilika hata noti moja. Mimi siwalaumu kwa kubadilisha, nawapongeza kwa kufanya hadharani. Ila mtu akinitupia 6.4 mezani ili kufunga mjadala, lazima nimuulize: 6.4 ya mwaka gani?

Naomba kuwasilisha. Karibuni, na tafadhali mtu akitaja albamu ataje na kitu alichokisikia ndani yake.

#2 Dada wa Njiro

Kaka, umeandika vizuri ila mimi ni mmoja wa hao uliowaita mashabiki vipofu, ingawa hukunitaja.

Kwanza, nyota zina kazi yake. Si kila mtu ana muda wa kusoma aya 10 za Kiingereza kigumu kuhusu albamu ambayo pengine hataisikiliza. Mimi nafungua duka saa 2, nafunga jioni, nina watoto. Ijumaa zinatoka albamu nyingi kuliko ninavyoweza kuzifikia. Nyota zinanipunguzia foleni. Unataka nizikatae, halafu nichague kwa kutumia nini?

Pili, hasira za mashabiki mnazisema kama ugonjwa. Soma uhakiki mwingi wa Taylor Swift uone. Mhakiki anatumia nusu ya makala kubahatisha wimbo upi unamhusu mwanaume yupi. Mwanamke kaandika nyimbo 12, katengeneza na Max Martin na Shellback, watu ambao wametengeneza nyimbo nyingi kubwa za pop duniani, na mhakiki hasemi neno kuhusu walichokifanya studio. Huo ni umbea wenye nyota juu yake. Nikikasirika nina haki.

Na tusisahau, wiki ya kwanza tu Marekani albamu ile ilihesabiwa nakala zaidi ya milioni 4. Ilivunja rekodi ya Adele ya mwaka 2015 kwa albamu yake 25. Watu wamechagua.

#3 Mleta uzi

Dada, hilo la pili nakupa mkono kabisa. Uhakiki unaochambua wapenzi wa msanii badala ya nyimbo zake umekwepa kazi, uwe na nyota 5 au 2. Kumbuka kwamba hata hapo kilichokuudhi ni maneno, si namba. Uliyasoma, ukaona yamekosa kitu, ukajua ni kipi. Hiyo ndiyo njia ninayoitaka.

La milioni 4 sikubaliani nalo. Mauzo yanakuambia wangapi wametaka kuisikia. Hayakuambii walisikia nini. Wengi wa walionunua wiki ile walikuwa wameshalipia kabla haijatoka. Walikuwa wanamwamini Swift, na ni haki yao, ila bado walikuwa hawajaihukumu albamu.

Kuhusu hasira, ipo mipaka. Aprili 2024, ilipotoka The Tortured Poets Department, jarida la Paste lilichapisha uhakiki mkali bila jina la mwandishi. Sababu waliyoitoa ni kwamba mwaka 2019, walipohakiki Lover, mwandishi wao alitishiwa na watu ambao hawakupenda maoni yake. Fikiria mtu anaandika kuhusu nyimbo za mapenzi na inabidi afichwe. Hapo si suala la haki ya kukasirika tena. Mhakiki anayeogopa ataandika vitu laini, na wewe mwenye duka na watoto ndiye utakayepoteza, kwa sababu nyota 4 zitakuwa kila mahali na hazitakupunguzia foleni yoyote.

#4 Mzee wa Ngarenaro

Nimesoma yote. Vijana mnabishana kwa adabu, nimefurahi.

Wakati wetu uhakiki wa magazeti ya Ulaya hatukuuona. Muziki wa rock ulitufikia kwa kaseti, na mhakiki wetu alikuwa mwenye duka la kurekodi. Ulikwenda na kaseti tupu, unamwambia unataka nini, naye anakwambia, "Hii upande wa A mzuri, upande wa B nyimbo mbili tu." Halafu anakuwekea kidogo usikie. Hakuwa na nyota. Alikuwa na sifa yake mtaani, na akikudanganya hurudi. Alijua pia kwamba mimi napenda gitaa na rafiki yangu anapenda kinanda, kwa hiyo albamu moja alitueleza tofauti.

Queen nilipewa na mtu huyo. Akaniambia sikiliza sauti zilivyopangwa juu ya nyingine, zinafanana na kwaya lakini ni watu watatu wanajirudia. Nilipokaa nikasikiliza nikazisikia. Kama angeniambia tu kwamba ni nzuri, nisingejua pa kutega sikio.

Swali langu kwa mleta uzi: huyo mhakiki wa leo anayeandika kwa ajili ya watu asiowajua, atamjuaje mpenda gitaa na mpenda kinanda?

#5 Mleta uzi

Shikamoo mzee wangu.

Hawezi kutujua, lakini sisi tunaweza kumjua yeye. Ndiyo faida ya kumfuata mhakiki mmoja kwa muda badala ya kufuata wastani wa Metacritic. Robert Christgau alianza mwaka 1969 kule New York kutoa alama za herufi, A, B, C, kama cheti cha kidato cha nne, na ameendelea kwa miongo mingi. Unaweza kutokubaliana naye kila wiki na bado akakufaa, kwa sababu umeshajua anapenda nini na hana subira na nini. Alexis Petridis wa The Guardian, makala zake ngapi tumezisoma? Akisema kiitikio hakikamati, najua viitikio gani vinamkamata yeye, kwa hiyo napima umbali kati ya masikio yake na yangu. Alama ya wastani haina masikio, hivyo huwezi kuizoea.

Shida ni kwamba watu wa aina hiyo wanapungua. Jarida la NME la Uingereza liliacha kuchapisha toleo la karatasi la kila wiki mwaka 2018. Jarida la Q lilifungwa 2020. Mwanzoni mwa 2024 kampuni ya Condé Nast, iliyoinunua Pitchfork mwaka 2015, ikaiweka chini ya jarida la wanaume la GQ na wafanyakazi wakapunguzwa. Na muda nao umeminywa. Zamani mhakiki alitumiwa albamu mapema akaishi nayo. Beyoncé alipoachia yake Desemba 2013 bila tangazo lolote, mhakiki na shabiki waliisikia siku moja. Wengi wakafuata njia hiyo, na wahariri wanataka makala asubuhi ile ile. Wimbo wa dakika 7 wa The Cure hauwezi kuueleza vizuri baada ya kuusikia mara moja huku mhariri anapiga simu.

#6 Mzee wa Ngarenaro

Marahaba. Nimekuelewa.

#7 Mwanakwaya (Rau, Moshi)

Bwana asifiwe wana uzi. Mimi naimba sauti ya pili kwenye kwaya huku Moshi, na mume wangu anapiga tarumbeta, kwa hiyo nyumbani kwetu muziki unasikilizwa kwa kusimamishwa na kurudishwa nyuma.

Naomba kuleta Lux ya Rosalía, Novemba 2025. Yule ni mwimbaji wa Hispania, wengi wanamjua kwa nyimbo za kucheza. Safari hii amefanya kazi na London Symphony Orchestra, albamu ina sehemu 4, na anaimba kwa lugha 13. Wahakiki waliipandisha juu sana, ni moja ya albamu zilizosifiwa kuliko zote mwaka ule. Nami naikubali, lakini nilipowasoma, wengi wao walisimama kwenye hizo lugha. Lugha 13, lugha 13, kila mahali. Sawa, ni kazi kubwa. Lakini anayeimba anajua kwamba kuimba lugha usiyoizungumza si jambo la ajabu. Kwaya zetu zinaimba Kilatini, Kijerumani na Kizulu kila mwaka. Cha ajabu kwangu ni pumzi. Sikilizeni Berghain, ule ambao mwimbaji Björk naye yumo. Vinanda vya nyuzi vinakuja kwa kasi, kwaya inaingia kwa Kijerumani kwa nguvu zote, halafu yeye anapanda juu kwa sauti ya opera, sauti ambayo hakuijenga kwenye nyimbo za kucheza. Ile sauti inahitaji tumbo, inahitaji mazoezi ya miaka, na unasikia kwamba ameyafanya.

Nilitamani mhakiki mmoja aniambie anavuta pumzi wapi. Sikumpata kirahisi. Kwa hiyo namuunga mkono mleta uzi na pia namwongezea: tatizo haliko kwenye nyota peke yake. Hata maneno yanaweza kukaa kwenye kile ambacho ni rahisi kukiandika.

#8 Mwalimu wa Kiswahili (Tengeru)

Dada wa Rau amegusa penyewe.

Sote tuliosoma sekondari Tanzania tulifundishwa uhakiki. Fani na maudhui. Mtoto wa kidato cha tatu akichambua shairi bila kugusa muundo, mtindo, vina na mizani, akabaki na dhamira na ujumbe tu, nampunguzia alama, kwa sababu amefanya nusu ya kazi. Wahakiki wengi wa albamu za pop wanafanya nusu hiyo hiyo. Wananukuu mashairi, kwa kuwa mashairi yananukulika. Kinanda huwezi kukinukuu. Matokeo yake albamu ya pop inahukumiwa kama diwani ya mashairi, na wimbo wenye maneno mepesi lakini mdundo uliofumwa kwa akili unaonekana dhaifu.

Rock nayo ilipendelewa kwa muda mrefu kwa sababu inayofanana. Mwaka 2004 Kelefa Sanneh aliandika kwenye New York Times makala iliyosomwa sana. Huyu ni mwana wa Profesa Lamin Sanneh, mzaliwa wa Gambia. Alisema wahakiki wamezoea kuipima kila albamu kwa rula ya rock: lazima msanii aandike mwenyewe, apige gitaa mwenyewe, aonekane ana mateso, na anayeimba nyimbo za kucheza zilizotengenezwa na prodyuza anahesabiwa si msanii kamili. Makala ile ilisaidia sana kuwafanya wahakiki waichukulie pop kwa uzito. Mwaka 2025 mtu huyo huyo aliandika tena, safari hii kwenye The New Yorker, kwamba wahakiki wa muziki sasa wamekuwa wapole mno. Naona mambo yote mawili ni kweli. Walipoacha dharau, wengi waliacha na ukali, na ukali ulikuwa unatufaa.

#9 Chalii wa Sakina

Oya wakubwa heshima kwenu. Mi naona kama mnahangaika na ya watu. Chuga huu ni mji wa hip hop, X Plastaz wametoka hapa, Weusi wametoka hapa. Rock wanasikiliza watalii na mabendi ya hotelini. Sasa The Cure wa Uingereza wakiwekewa nyota 2 au 5 mimi chalii wa Sakina inanihusu nini?

#10 Mleta uzi

Mdogo wangu, inakuhusu kwa sababu mbili.

Moja, sikio ni lile lile. Ukizoea kusikia kwamba ngoma za The Cure zinaachiwa nafasi, utasikia pia pale prodyuza wa Chuga anapoacha mdundo ukate ili mstari wa Joh Makini ubaki peke yake. Na hilo hutajifunza kwa nyota.

Mbili, na hii ndiyo inayoniuma zaidi, albamu zetu zinahitaji watu wa kuziandika. X Plastaz walipotoa Maasai Hip Hop mwaka 2004, lebo iliyoitoa ilikuwa ya Ujerumani, na jina lenyewe linaonyesha mnunuzi wa nje alikuwa anauziwa nini. Msikilizaji wa Munich hajui Arusha inavyoongea. Hawezi kujua mstari upi ni wa mtaani kweli na upi umewekwa kwa ajili yake. Chalii wa Sakina anajua. Sasa chalii huyo, siku albamu kali ya Arusha itakapotoka, ataandika nini? Kama tulichojifunza kwa wahakiki wa nje ni kubandika alama za moto tano na kuondoka, hatutakuwa na cha kumwambia mtu wa Mwanza ambaye hajaisikia.

#11 Chalii wa Sakina

Hapo kwenye mstari wa mtaani na uliowekwa kwa ajili ya mzungu umenipata. Nipe kazi.

#12 Dada wa Njiro

Basi mimi naanza, msije mkasema mashabiki hatuwezi.

The Life of a Showgirl, wimbo wa 4, Father Figure. Umechukua kipande cha wimbo wa George Michael wenye jina hilo hilo, wa kwenye albamu yake Faith ya mwaka 1987, na jina lake lipo kwenye orodha ya watunzi. Kwa George Michael maneno yale yalikuwa ya mtu anayebembeleza. Kwa Swift anayeimba ni bosi. Ametumia upole ule ule wa sauti kusema vitisho, hapandishi sauti mahali ambapo ungetegemea apandishe, na kwa hiyo vitisho vinaingia zaidi. Hii ni fani, mwalimu, nimeiona.

Wimbo wa mwisho ndio wenye jina la albamu, ameimba na Sabrina Carpenter. Wanapokezana beti, na mwishoni unasikia sauti ya umati wa ziara yake ya Eras. Hapa nitasema ukweli wangu: sauti zao mbili zinafanana mno katika uzito, na mara ya kwanza nilipokuwa dukani kwenye spika ndogo sikujua nani ameishia wapi. Kwenye hedifoni inasikika. Nyota 5 za Rolling Stone hazikuniambia hilo, wala 2 za Guardian. Bado naipenda albamu yangu.

#13 Mwalimu wa Kiswahili (Tengeru)

Fani umeiona kweli, dada. Swali moja: huo upole wa sauti unadumu hadi mwisho wa wimbo, au kuna mahali unavunjika? Rudia kusikiliza kuanzia kiitikio cha mwisho halafu utuletee.

#14 Mleta uzi

Hii ndiyo niliyokuwa naitafuta. Tugawane kazi basi. Dada wa Njiro anamalizia Showgirl na swali la mwalimu. Mwanakwaya, tuletee Lux sehemu ya kwanza pekee, na utuonyeshe hizo pumzi kwa dakika na sekunde ili tuzifuate. Chalii wa Sakina, chagua albamu yoyote ya Arusha unayoijua kwa moyo, uandike mistari ipi ni ya mtaani na kwa nini. Mzee wangu wa Ngarenaro, kama ile Jazz ya Queen bado unayo, tunaomba utuambie Dave Marsh alisikia nini mpaka akafika kwenye ufashisti, maana wewe uliisikia wakati ikiwa mpya. Alama hakuna anayetoa. Mimi nachukua The Cure, wimbo wa mwisho, Endsong.

#15 Mzee wa Ngarenaro

Ninayo, ila mkanda umevutika upande wa B. Nitaanza na upande wa A.